Sauti ya Shangazi na Kidude cha Kusikilizia

Wazee wetu walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ama sikio zima je, lililo hai na lenye hamu ya kusikia, likinyimwa sauti safi nalo tuliiteje? Suali hili, wasomaji wapenzi, ndilo lililonitoa nyumbani kwangu miezi kadhaa iliyopita, nikawa nazunguka duka kwa duka hapa Mombasa nikitafuta kichombo kisichozidi kidole gumba, ambacho hapo awali sikujua hata jina lake. Kazi yake ni kuitoa sauti iliyomo ndani ya simu na kuipeleka katika hedifoni, yaani zile spika za kuvaa masikioni, ikiwa safi na yenye nguvu ya kutosha.

Yamkini msomaji atauliza: mtu wa mashairi na vidude vya umeme wapi na wapi? Nami namwomba asubiri kidogo. Jambo lililonipeleka huko halikuwa anasa. Lilikuwa neno moja tu, la silabi mbili, na neno hilo lilikuwa limewatenga ndugu wawili.

CHANZO CHA MAMBO

Marehemu shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtungaji. Hakuchapisha hata ubeti mmoja maishani mwake. Alitunga huku akisuka ukili, na alichokitunga alikihifadhi moyoni. Mwaka 1983 alifiwa na mumewe, na mwaka uliofuata akafiwa na kitinda mimba wake, mtoto wa kike wa miaka saba. Mwaka 1985 alikubali, baada ya kubembelezwa sana, kuyagani mashairi yake mbele ya redio kaseti ya marehemu baba. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na ndimi niliyevibonyeza vile vifungo viwili kwa pamoja ili kanda ianze kunasa.

Kanda hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Mwaka jana nilipoanza kuyakusanya mashairi yake yapate kuchapishwa, nilifika katika ubeti wa ishirini na moja nikakwama. Shangazi anasema: "Leo hii sina paa, ukiwa umenijaa." Je, ni paa gani hilo?

Wenyeji wa pwani mnajua ninalolisema. Katika Kimvita, na katika Kiamu pia, kuna paa la nyumba na kuna p'aa wa porini. La kwanza hutamkwa kavu, na la pili hutoka na pumzi mdomoni. Vivyo hivyo kaa la moto si sawa na k'aa wa pwani. Mzungumzaji hakosei hata akiwa usingizini. Lakini hati tunayoiandikia leo haiionyeshi pumzi hiyo, wala hati ya Kiarabu waliyoitumia mababu zetu haikuwa na desturi ya kuionyesha. Ukiyaandika, yote mawili ni paa tu.

Mimi nilishika kwamba shangazi alikusudia paa la nyumba, yaani mumewe, maana mume ni sitara ya nyumba. Nikaandika na maelezo yangu chini ya ubeti, marefu na ya kujitapa. Binti yake mkubwa, ambaye ni dada yangu kwa upande wa shangazi na amenizidi umri, alipoyasoma alinirudishia karatasi bila ya tabasamu. Akasema, "Kaka, hapo mama hakumlilia baba. Baba alimlilia katika beti nyingine. Hapo alimlilia mdogo wangu, p'aa wake." Nikamwambia ushahidi uko wapi? Akanijibu, "Ushahidi ni sauti yake." Tukaachana kwa ubaridi, na tangu siku hiyo salamu zikawa za kupelekeana watoto.

SAUTI ILIYOFUNIKWA

Nilikuwa nayo nakala ya kanda ile katika simu. Kijana mmoja wa nyumbani aliipiga kanda katika redio, akaiweka simu mbele ya spika, akairekodi na kuituma kwa WhatsApp. Nilipoisikiliza kwa visikizi vya bei ya njugu, nilisikia mvumo kama wa bahari ya kusi, na ndani yake sauti ya shangazi ikija na kupotea. Pumzi ya herufi "p" haidumu hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya mvumo ule nani angeisikia?

Mpwa wangu, anayefanya biashara ya simu mjini, aliniambia, "Mjomba, tatizo ni kwamba simu yako mpya haina tundu la hedifoni. Nunua kigeuzi chenye amplifaya yake. Utasikia mpaka shangazi akivuta pumzi." Maneno hayo yalinivutia, nikatia fedha mfukoni nikatoka.

KIDUDE HIKI NI NINI HASA?

Kwanza tufahamiane. Sauti iliyomo ndani ya simu si sauti, ni hesabu. Katika sahani za CD, ambazo kampuni za Sony na Philips zilizileta sokoni mwaka 1982, kila sekunde moja ya sauti hukatwa vipande 44,100, na kila kipande huandikiwa namba yake iliyochaguliwa katika ngazi 65,536. Nao hawakuokota namba hizo njiani. Sikio zuri la kijana husikia milio ya mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya elimu hiyo yasema kwamba ili mlio uhifadhike ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili ya idadi ya mitetemo yake. Kwa hiyo 44,100 inatosha na kubakisha.

Basi hesabu hizo ni mfano wa maandishi ya ubao wa chuoni. Ubao hauneni. Yahitaji aje msomaji mwenye kuzijua herufi, ayageuze maandishi yawe sauti. Msomaji huyo ndiye kigeuzi, ambacho wauzaji hukiita DAC. Yeye huzitwaa namba na kuzifanya mkondo wa umeme unaopanda na kushuka.

Lakini mkondo huo ni dhaifu. Hapo ndipo inapoingia amplifaya. Nimpe mfano msomaji. Msikiti ukijaa mpaka uani, na imamu sauti yake isifike nyuma, husimama mubaligh akazifikisha takbira kwa safu za mwisho. Mubaligh haongezi neno lake wala hapunguzi la imamu. Sifa yake ni kufikisha. Akiongeza madoido yake, safu za nyuma huchanganyikiwa. Amplifaya njema ni hiyo isiyojulikana kwamba ipo.

Kila simu yenye tundu la duara la hedifoni ina kigeuzi na amplifaya ndani yake. Tangu kampuni ya Apple ilipoliondoa tundu hilo katika simu ya iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wengi wakafuata, watu walilazimika kuvitafuta vitu hivyo nje. Si kwamba havikuwako kabla ya hapo. Kampuni ya FiiO ya Uchina ilianzishwa mwaka 2007 na ikajulikana kwa amplifaya ndogo za mfukoni. Mwaka 2012 AudioQuest ya Marekani ikatoa DragonFly, umbo la kijiti cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, na mwaka 2015 Chord ya Uingereza ikatoa Mojo, kisanduku cha mfukoni chenye betri yake, kwa pauni 399. Leo vya aina hiyo ni vingi kama dagaa, na ndiyo sababu mtu huhitaji kuongozwa.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nami sikuongozwa. Niliingia katika duka moja ambalo sitalitaja, nikaonyeshwa kikamba kifupi, upande mmoja kichwa cha USB-C na upande wa pili tundu la hedifoni. Shilingi mia tatu. Nikaona nimepata. Cha rahisi huvunja upishi: nilipofika nyumbani nikachomeka, simu ikanyamaza kimya.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba vikamba hivyo ni vya aina mbili, na kwa kuvitazama ni mapacha. Kimoja kina kigeuzi ndani, kidogo kuliko punje ya mchele. Cha pili ni waya mtupu, na hufanya kazi katika zile simu tu ambazo hutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la USB. Simu yangu si ya kabila hilo. Kwa hiyo neno la kwanza la kumwuliza muuzaji ni hili: kina kigeuzi ndani au ni waya? Asipojua, usinunue mpaka umekijaribu kwa simu yako mwenyewe hapo hapo dukani.

NGUVU KIASI GANI?

Mara ya pili nilikwenda na mpwa wangu kwa rafiki yake mmoja mwenye hisani, akaniwekea mezani vitatu: kikamba chenye kigeuzi, kijiti cha ukubwa wa kidole chenye vifungo vya kupandisha na kushusha sauti, na kisanduku chenye betri, kizito mkononi, bei yake mara saba ya kile kijiti. Moyo, kama mjuavyo, ulikimbilia kisanduku. Lakini nilikuwa nimejifunza kidogo, nikaanza na hedifoni zangu.

Hedifoni zangu ni Beyerdynamic DT 770 Pro, kazi ya Ujerumani, ambazo sahibu yangu aliniletea kutoka Dubai. Hedifoni hizo hutolewa kwa namna tatu zinazokaribiana kwa sura: za omu 32, za omu 80 na za omu 250. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya za ndani zinavyouzuia umeme. Chukua umeme wa volti moja. Katika omu 32 utapata nguvu ya miliwati 31. Katika omu 80, miliwati 12 na nusu. Katika omu 250, miliwati 4 tu. Zangu ni za omu 250. Kumbe ndio maana watu husema hedifoni fulani "ngumu": zinataka volti nyingi zaidi kabla ya kusema kwa sauti.

Hata hivyo tusitishwe na namba. Hedifoni zangu kwa miliwati moja hutoa sauti ya desibeli 96, na miliwati moja kwao ni nusu volti. Desibeli 96 ni kelele ya kuumiza. Basi kwa nini nihitaji zaidi? Kwa sababu kipimo hicho ni cha sauti iliyorekodiwa ikafika kileleni. Kanda ya shangazi ilinaswa chini sana. Mwenyewe alikuwa na haya, akakaa mbali na redio. Sauti iliyorekodiwa chini huhitaji kuinuliwa. Nayo kanuni ni nyepesi: kila volti zikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 6. Kikamba kilitoa kama nusu volti, na kijiti kilitoa volti mbili; maana yake desibeli 12 zaidi, na hizo zilinitosha kabisa.

Ama mwenye iafoni ndogo za kutia ndani ya sikio, mara nyingi zenye omu 16 au 32 na wepesi wa kuitikia, hana haja ya nguvu hizo, na huenda zikamdhuru. Nilizijaribu iafoni za mpwa wangu katika kile kisanduku kikubwa, nikasikia chakarachakara ya chini hata kabla ya sauti kuanza. Ndiyo kelele ya amplifaya yenyewe, ambayo hedifoni ngumu huimeza na iafoni nyepesi huitangaza. Jambo la pili la kuliangalia katika iafoni ni ukinzani wa kidude chenyewe pale inapotokea sauti. Mafundi husema usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa iafoni za omu 32, kidude kisipite omu 4. La sivyo sauti zitapindika, nene au nyembamba kuliko zilivyo.

Na kwa wale wanaotumia hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth, wasipoteze fedha zao. Kigeuzi na amplifaya vimo ndani ya hedifoni hizo hizo. Kidude cha nje hakiwasaidii.

MTIHANI WA MASIKIO

Nilivijaribu kwa kipimo ninachokijua tangu utotoni. Mwalimu wangu wa chuoni alitufunza matokeo ya herufi kwa ukali, na miongoni mwa sifa za herufi alizotukaririsha ni hamsi, nazo ni herufi kumi zinazotoka na mkondo wa pumzi. Ndani ya kumi hizo mna kafu na mna ta. Msomaji makini utaona kwamba sifa hii ni jamaa ya ile pumzi ya k'aa na p'aa. Basi nikafungua kisomo cha marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyefariki mwaka 1980, mtu wa mwanzo kurekodi Kurani nzima kwa kisomo cha murattal. Katika kisomo chake kila herufi hupewa haki yake. Nikasikiliza kafu zilizotulizwa mwishoni mwa neno. Kifaa kinachoifuta pumzi ile hakinifai.

Mwanzo nilipigwa na bumbuwazi. Kisanduku kikubwa kilinishinda nguvu. Nikasema hiki ndicho! Lakini bahati njema tulikuwa tumemchukua fundi redio mmoja mkongwe wa Mji wa Kale, mtu aliyezishughulikia redio tangu zama za taa za kioo. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, kinachopiga kwa sauti zaidi siku zote huonekana bora. Visawazishe kwanza." Akapiga mlio mmoja usiobadilika, akapima volti za kila kidude kwa mita yake, akavilinganisha vyote vitatu. Kisha mpwa wangu akawa anavibadilisha nyuma ya mgongo wangu bila kunambia.

Wallahi sitawaficha. Nilijaribu mara kumi na mbili kubahatisha kipi ni kipi, na sikuwa bora kuliko mtu arushaye shilingi. Vile vitatu vilisoma ubao mmoja kwa usahihi ule ule. Tofauti zao zilikuwa katika nguvu, vifungo, uzito na bei.

Nikamwuliza fundi habari ya zile namba kubwa zinazoandikwa katika makasha: biti 24, biti 32, sampuli 192,000 na zaidi. Akanieleza kwamba biti 16 za CD hubeba tofauti ya desibeli zipatazo 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kanda ya kaseti ya kawaida haifiki hata 60, kwa sababu mvumo wake mwenyewe hukaa juu. Namba kubwa zina faida wakati wa kurekodi, maana humpa fundi nafasi ya kutosha asije akapasua sauti. Kwa kusikiliza kanda ya zamani, ni sawa na kutekea kikombe cha maji kwa pipa.

MAJI NA KIKOMBE

Nikachagua kijiti. Kilinigharimu shilingi elfu saba na ushei. Hakina betri ya kuchakaa, kina vifungo vyake vya sauti vyenye hatua ndogondogo, na kinakubaliana na simu yangu. Kinakula chaji ya simu kiasi, lakini hilo nalivumilia. Nikarudi nyumbani kwa furaha, nikafunga mlango, nikaweka ubeti wa ishirini na moja.

Nikasikia mvumo ule ule, ila sasa ulikuwa mkubwa zaidi na safi zaidi! Pumzi ya shangazi sikuiona.

Nilirudi kwa fundi kwa unyonge. Akaniuliza nakala ile ilitoka wapi, nikamweleza habari ya spika na WhatsApp. Akanitazama kwa huruma. "Maji machafu," akasema, "huyasafishi kwa kubadilisha kikombe. Niletee kanda yenyewe."

Kanda ilikuwa imeingia ukungu kwa unyevu wa pwani, na kile kipande cha sufi kinachoikandamiza kanda kwenye kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka gundi na kuanguka. Ndiyo sababu sauti ilikuwa ikija na kupotea. Fundi aliufungua mwili wa kaseti, akauhamisha utepe katika kasha jingine lililo zima. Akakisafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba. Kisha kwa bisibisi nyembamba akakizungusha kidogo kidogo, akisikiliza, mpaka kichwa kikakaa sambamba na jinsi kilivyokaa kile cha redio ya baba mwaka 1985. Kichwa kikipinda nywele moja tu, alisema, sauti nyembamba zote hufifia, na pumzi ni sauti nyembamba. Mwisho akaupitisha waya moja kwa moja kutoka tepu hadi kisanduku cha kuingizia sauti katika kompyuta. Kisanduku hicho ni kinyume cha kijiti changu: chenyewe hugeuza sauti kuwa namba. Mjue hilo pia, kwani vijiti vingi vya mfukoni hutoa sauti tu, haviingizi.

NILICHOKISIKIA

Usiku ule nilisikiliza peke yangu. Niliwasikia kuku uani. Niliisikia sauti ya marehemu baba ikikohoa. Nikamsikia shangazi akivuta pumzi kabla ya kila ubeti, nami nikazima nikakaa kimya kwa muda, kwa kuwa sikuwa nimejitayarisha kwa hilo.

Kisha nikaifanya kazi kwa adabu. Katika ubeti wa tisa anasema "paa la makuti", na hapo hapana shaka, maana "la" ni ushahidi. Nikalisikiliza paa hilo mara nyingi: "p" yake ni kavu kama jani la mkungu. Nikaenda katika ubeti wa ishirini na moja. "Leo hii sina..." na baada yake ikaja pumzi, fupi, iliyo wazi. P'aa. Nikarudia mara ishirini nikitafuta namna ya kujiokoa. Sikuipata. Shangazi alikuwa akimlilia mtoto.

Nilijaribu pia kwa kile kikamba cha bei nafuu, nilichoazimwa. Sauti ilikuwa chini, lakini pumzi ilisikika. Kwa hivyo nawaambieni kwa insafu: kazi kubwa aliifanya fundi kwa pamba na spiriti, ya pili ni ya hedifoni, na kijiti ni cha tatu.

Nikampa mpwa wangu naye asikilize paa zote mbili. Akasema, "Mjomba, mimi nasikia neno moja." Kidude kilimfikishia sauti ile ile iliyonifikia mimi. Lakini amelelewa kwa Kiswahili cha skuli na cha simu, na hakuna aliyepata kumrekebisha pumzi. Hilo, wasomaji, lilinisikitisha kuliko mvumo wa kanda, kwani hakuna duka linalouza dawa yake.

Ijumaa, baada ya sala, nilikwenda kwa dada yangu. Sikusema neno. Nikampa hedifoni, akaziweka juu ya buibui lake, nikabonyeza. Alisikiliza ubeti ule mara moja tu. Yeye hakuhitaji ishirini. Akazivua taratibu, akaziweka mapajani, akasema, "Sikuwahi kuisikia sauti yake tangu siku tuliyomzika." Kisha akainuka kwenda kunitengezea kahawa. Maelezo yangu marefu nimeyafuta, na katika kitabu neno hilo litaandikwa kwa alama ya pumzi, p'aa, ili wajukuu wasije wakagombana tena.

NENO LA MWISHO KWA MNUNUZI

Basi nawe msomaji ukitaka kununua, nishike haya. Anza na chimbuko: kama rekodi ni mbovu, itengeneze kwanza. Kisha tazama hedifoni zako, ukinzani wake ni omu ngapi. Zikiwa nyepesi, kikamba chenye kigeuzi chakutosha. Apple wenyewe walikiuza chao kwa dola 9 huko Marekani. Zikiwa za omu 250 au 300, tafuta kijiti cha volti mbili hivi. Uliza kina kigeuzi au ni waya. Kijaribu kwa simu yako, kwani vingine hutoa sauti ndogo katika simu zisizo za kabila lao. Usihukumu kabla ya kusawazisha sauti. Wala usione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Na la mwisho ni amana ya masikio. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 isikilizwe si zaidi ya saa 40 kwa juma, na ikifika desibeli 90, iwe saa 4 tu. Kidude chenye nguvu humfikisha mtu hapo bila kujua. Sikio likisha haribika kwa kelele halirudi. Nasi watu wa pwani, ambao sehemu ya lugha yetu inakaa katika pumzi isiyoandikika, tunayo sababu moja zaidi ya kuyatunza.

Kama nyumbani kwako kuna kanda ya mzee, usingoje. Ukungu haungoji.